Dawa Iliyobaki Kwenye Droo

Zilibaki pakiti 6 za krimu ya saratani ya ngozi. Visanduku vilikuwa vitatu, kila kimoja kina pakiti 12, na daktari aliniandikia nitumie 30 tu: usiku 5 kwa wiki, kwa wiki 6. Nilipomaliza, zile 6 nilizitia kwenye bahasha nikaiweka kwenye droo kando ya kitanda. Aliyekulia na ngozi kama yangu hatupi dawa ya ngozi hivi hivi.

Nimezaliwa na ualbino. Ngozi yangu haina melanini, yaani rangi asilia, ya kutosha kuikinga na jua, na tangu nikiwa na miaka kumi na kitu mikono na mabega yangu yamekuwa yakiota vigamba vikavu, vinavyokwaruza kama msasa ukipitisha kidole. Wataalamu wanaviita keratosi za jua. Si saratani, na vingi havifiki huko, lakini hakuna anayeweza kukitazama kimoja akaapa kwamba hiki kitatulia na kile kitageuka. Kwa hiyo kila nilipokwenda kliniki viligandishwa. Muuguzi alikuja na chupa ya naitrojeni ya kimiminika, kitu chenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, akapuliza sekunde chache juu ya kila kigamba mpaka ngozi ikawa nyeupe kama chokaa. Maumivu yake ni ya kuungua, ingawa ni baridi. Jioni linatoka lengelenge, na baada ya wiki mbili tatu kigamba kinadondoka chenyewe. Kwa mwenye ngozi nyeusi baridi hiyo inaweza kuacha baka jeupe lisilorudi rangi. Kwangu mimi halionekani.

Nimegandishwa mara nyingi mno, idadi siikumbuki. Na bila kujua nilijijengea imani moja: kwamba ugonjwa wa ngozi uko juu, na dawa yake ni ya kupaka au kupuliza juu. Imani hiyo ndiyo iliyokuja kunigharimu.

Baka la kifuani lilianza likiwa dogo, jekundu, chini kidogo ya mfupa wa mtulinga. Haliumi, haliwashi. Nilidhani ni fangasi, nikalipaka dawa ya fangasi miezi minne. Halikupungua, lilizidi kutanuka taratibu, na pembeni likawa na ukingo mwembamba unaong'aa kama uzi wa nailoni. Nilipomwonyesha daktari wangu wa ngozi hakusema ni nini. Alisema, "Dada, hapa nitachukua kinyama kwanza, ndipo tuzungumze." Akanichoma sindano ya ganzi, akatoa kipande kidogo kwa kifaa cha duara, akashona uzi mmoja.

Majibu yalirudi: saratani ya seli za basali, ya aina ya juujuu. Seli za basali ni zile zilizo kwenye safu ya chini kabisa ya tabaka la nje la ngozi, na saratani yake ndiyo inayowapata watu wengi kuliko saratani nyingine zote za ngozi duniani. Ni nadra sana kusafiri kwenda viungo vingine, ila ikiachwa inakula palepale ilipo, hata gegedu na mfupa. Baada yake kwa wingi inakuja ile ya seli za skwamasi, ambayo kwa sisi wenye ualbino ndiyo adui mkubwa zaidi, na hiyo ina uwezo wa kufika kwenye matezi ya limfu.

Nilipolisikia neno saratani nilichowaza ni kisu tu. Nilikuwa nimesikia tangu utotoni kwamba kansa ikiguswa na kisu inasambaa. Nikamwambia hivyo daktari, nikiona aibu kidogo. Hakunicheka. Alisema watu wanamwona mtu amepasuliwa, kisha baadaye ugonjwa umeonekana kwingine, wanalaumu kisu. Kumbe ulikuwa umeshasambaa kabla hajafika hospitali. Halafu akanieleza kwamba kwa aina yangu, kwa sababu iko juujuu na iko kifuani, nina haki ya kuchagua. Akageuza karatasi akaandika tarakimu ambazo nimezihifadhi mpaka leo.

Uingereza waliwagawa wagonjwa 501 wa saratani ya basali, wengine wakakatwa, wengine wakapewa krimu ya imikwimodi. Baada ya miaka 5, waliokatwa asilimia 97.7 walikuwa salama; waliopaka krimu, asilimia 82.5. Uholanzi nako walilinganisha njia tatu zisizo na kisu kwa wagonjwa 601 wenye aina ya juujuu kama yangu. Miaka 5 baadaye, krimu ya imikwimodi iliwaacha bila ugonjwa asilimia 80.5, krimu ya fluorourasili asilimia 70, na tiba ya mwanga asilimia 62.7.

"Kisu kinashinda zote," alisema, "na sitakuficha. Kipande kikitoka, maabara inakiangalia pembeni mwake ijue kama vyote vimetoka. Krimu haitoi kipande. Tutakuwa tunategemea macho, na kurudi kwako."

Nilichagua imikwimodi, ndizo zile pakiti. Tiba ya mwanga niliikataa kwa sababu ya dada mmoja niliyekutana naye kwenye benchi, aliyekuwa ametoka kufanyiwa. Unapakwa krimu, unafunikwa, unakaa saa tatu wakati seli zilizoharibika zikigeuza krimu ile kuwa kitu kinachochomwa na mwanga. Kisha wanawasha taa nyekundu dakika kadhaa. Alisema ni kama mtu anakuchoma sindano za moto zote kwa pamoja, na wiki moja baadaye unarudia. Hata hivyo kovu lake baadaye lilikuwa dogo hata huwezi kuliona. Kwa mwenye baka kubwa mahali pa wazi, asiyetaka alama, si njia ya kudharau. Ila haiendi chini sana. Ugonjwa uliozidi unene wa milimita 2 hivi unabaki palepale.

Hebu niseme ukweli kuhusu krimu, kwa sababu watu wanaposikia "bila upasuaji" wanadhani ni kitu laini. Imikwimodi haiui saratani yenyewe. Inaiamsha kinga ya mwili mahali pale ilipopakwa, na kinga hiyo ndiyo inayoshambulia. Wiki ya kwanza sikuona kitu, nikaanza kuwa na wasiwasi kwamba dawa ni mbovu. Wiki ya pili pakawa pekundu. Wiki ya tatu pakachimbika, pakatoa majimaji, pakaota gamba la njano, na mimi mwenyewe nikawa na homa na viungo vinauma kana kwamba nina mafua makali. Mume wangu alitaka tuache. Nilipiga simu kliniki, nikaambiwa nipumzike siku tatu, nisafishe kwa maji tu, halafu niendelee. Nilishukuru kuuliza. Wapo wanaoacha hapo wakiamini dawa imewadhuru, kumbe ule wekundu ndio kazi yenyewe.

Usiku wa 30 nilikata pakiti ya mwisho. Miezi mitatu baadaye daktari aliangalia kwa lenzi yake yenye taa, akapapasa, akasema hakuna kitu. Palikuwa na ngozi ya waridi, laini, bila kovu. Nilitoka pale nikijiona nimeukwepa upasuaji, na siwezi kueleza furaha ile.

Mwaka uliofuata alinipa krimu nyingine, fluorourasili, kwa ajili ya mikono yote miwili. Hiyo ni dawa ya zamani. Ilitengenezwa mwaka 1957 kwa ajili ya saratani za ndani, na katika miaka ya 1960 madaktari wakagundua kwamba wagonjwa waliochomwa nayo sindano, vigamba vyao vya jua viliwaka vyekundu kisha vikapotea. Ndipo ikawa krimu. Nilipaka asubuhi na jioni kwa wiki 4. Kilichonishangaza ni kwamba iliwasha moto hata mahali ambapo sikuwa naona kitu. Mikono ambayo nilidhani ina vigamba 9 ilitoa madoa mekundu zaidi ya 30. Dawa iliniona kuliko nilivyojiona. Nilipaswa kulishika somo hilo palepale: macho yangu si kipimo.

Sikulishika. Miaka miwili baada ya baka la kifuani, nilipata kiuvimbe mbele ya sikio la kushoto. Kilikuwa na gamba gumu juu, na ukikigusa kinauma kidogo. Lile la kifuani halikuwahi kuuma. Tofauti hiyo nilikuwa nayo mkononi, nikaipuuza. Miadi yangu ilikuwa bado miezi mitano. Nikakumbuka droo.

Pakiti moja imekusudiwa kutumika usiku mmoja na kutupwa. Mimi niliifunga kwa klipu, nikaitumia usiku tatu. Pakiti 4, usiku 12. Gamba liliwaka, likatoa majimaji, likadondoka, na ngozi ikafunga juu yake vizuri kabisa. Nilijitazama kwenye kioo nikaona nimejitibu. Miadi ilipofika nilionyesha mikono na mgongo. Sikio sikulitaja, kwa sababu kwa hesabu zangu lilikuwa limekwisha, na pia, niseme wazi, kwa sababu nilijua angeniuliza dawa niliitoa wapi.

Miezi minane baadaye nilikuwa nachana nywele nikahisi punje ngumu chini ya ile ngozi laini. Haikusogea. Na upande ule wa shavu kulikuwa na kitu kama sisimizi wanatembea, kisha ganzi.

Kinyama kilisema saratani ya seli za skwamasi, iliyoshuka ndani. Daktari aliponiuliza kama niliwahi kupaka kitu hapo, nilimwambia yote. Alinyamaza kwa muda. Kisha akanieleza, kwa sauti ya mtu anayeeleza wala si kukaripia, kwamba saratani ya skwamasi ikiwa bado imelala kwenye tabaka la juu tu, ile wanayoiita ugonjwa wa Bowen, inaweza kutibiwa kwa krimu au mwanga au baridi. Ikishapenya kwenda chini, krimu inafuta kilicho juu na kukiacha kilicho chini kikiendelea gizani. Na eneo la sikio, kama midomo, ni mahali ambapo ugonjwa huo una tabia ya kukimbilia kwenye matezi mapema. "Kama ungeniletea kikiwa na gamba," alisema, "ningekuwa nimekikata kwa nusu saa."

Maneno hayo ninayo mpaka leo.

Nilifanyiwa upasuaji, mkubwa kuliko ule niliokuwa nimeukwepa. Walichukua ngozi ya shingoni kuziba pengo. Pembeni mwa kipande palikuwa safi na matezi hayakuwa na kitu, lakini maabara iliona seli za saratani zimeanza kufuata mshipa wa fahamu. Ndio wale sisimizi. Kwa hiyo nilihitaji mionzi juu yake. Nilipopewa ratiba nilikaa kimya nikiitazama: siku 5 kwa wiki, kwa wiki 6. Mara 30. Hesabu ileile ya pakiti.

Mionzi yenyewe haiumi. Unalazwa, unavikwa barakoa ya plastiki yenye matundu iliyofinyangwa kwa uso wako ili usisogee, wanatoka nje, mashine inanguruma kidogo, wanarudi. Ni dakika chache tu. Shida inakuja taratibu. Wiki ya tatu ngozi ilikuwa kama imeachwa juani mchana kutwa, na kwangu mimi nalijua jua hilo. Wiki ya tano ilichunika. Mate yalikauka upande wa kushoto, na mpaka leo hayajarudi yote. Uchovu ulikuwa wa aina ambayo usingizi hauutoi.

Nililazimika kuiheshimu mionzi kwa namna nyingine pia, kwa sababu ya shangazi yangu. Yeye naye ana ualbino, na alikuwa na miaka 81 alipopata saratani ya basali kwenye bawa la pua. Moyo wake ni mgonjwa, anatumia dawa za kulainisha damu, na kukata pua kisha kuijenga upya ni kazi ndefu. Kwake mionzi haikuwa nyongeza. Ndiyo ilikuwa tiba yenyewe, na kwa vipindi vichache kuliko vyangu. Daktari alimweleza utafiti wa Ufaransa wa wagonjwa 347 wenye saratani ya basali usoni: baada ya miaka 4 ugonjwa ulibaki au kurudi kwa asilimia 0.7 ya waliokatwa, na asilimia 7.5 ya waliopigwa mionzi. Shangazi alisikiliza, akauliza, "Kwa hiyo kati ya mia zaidi ya tisini wanapona bila kukatwa pua?" Akaambiwa ndiyo. "Basi mimi nipeni hiyo."

Aliniuliza baadaye kwa nini vijana hawapewi hiyo kama ni nzuri hivyo. Nilimweleza nilivyoelezwa mimi: kovu la kisu linafifia kadiri miaka inavyopita, la mionzi linazidi kupauka na kuwa jembamba, na mionzi yenyewe inaweza kuzaa saratani nyingine baada ya miongo. Wapo hata wasiopaswa kuguswa nayo, kama waliozaliwa na ugonjwa wa Gorlin, ambao mionzi inaweza kuwaotesha saratani nyingi mpya za basali pale ilipopita. Yeye alisema miongo hiyo anamwachia Mungu. Pua yake imepona. Ina rangi ya karatasi upande mmoja, basi.

Kwenye foleni ya mionzi ndipo nilipomjua kaka mmoja aliyefika hospitali akiwa amechelewa kuliko sisi sote. Kabla ya hapo alikuwa amenunua dawa nyeusi ya kubandika, iliyosifiwa kwamba "inang'oa mizizi." Iliunguza nyama nzima na yenye ugonjwa pamoja, ikaacha kovu, na chini ya kovu saratani ya basali ikaendelea kuelekea jichoni. Nilipomsikiliza nilijiona mimi na ile bahasha yangu, ingawa yangu ilikuwa dawa halali. Yeye alikuwa kwenye vidonge vya vismodegibu, vilivyoidhinishwa Marekani mwaka 2012, vinavyokata amri inayoiambia seli iendelee kugawanyika. Uvimbe ulikuwa umesinyaa. Lakini misuli ilimkaza usiku, nywele zilidondoka, na chakula chote kilikuwa hakina ladha. Alikatazwa pia kuzaa mtoto katika kipindi hicho. Mimi niliambiwa kwamba yangu ikirudi na isipoweza kukatwa, kuna semiplimabu, dripu inayofungua mikono ya kinga ya mwili, iliyoidhinishwa mwaka 2018 kwa saratani ya skwamasi iliyozidi. Ni faraja kujua ipo. Naomba nisiihitaji.

Sasa hivi natumia nikotinamidi, aina ya vitamini B3, miligramu 500 mara mbili kwa siku, kwa ushauri wa daktari. Utafiti wa Australia wa mwaka 2015, kwa watu 386 ambao walikuwa wameshapata saratani za ngozi, ulionyesha saratani mpya zilipungua kwa asilimia 23 katika mwaka mmoja. Walipoacha, faida nayo iliisha. Haichukui nafasi ya kofia, mikono mirefu na losheni ya jua.

Pakiti 2 zilizobaki nilizirudisha kwenye duka la dawa la hospitali ziteketezwe. Nilizitoa mwenyewe kwenye bahasha nikazihesabu mbele ya mfamasia.

Mwezi uliopita mtoto wa dada yangu, ana miaka 17 na ualbino kama mimi, alinitumia picha ya mdomo wake wa chini. Ulikuwa na kipande cheupe kilichokakamaa. Akaandika: "Mama mdogo, ile krimu yako bado unayo?"

Sikumjibu kwa maandishi. Nilimpigia, nikamwuliza kimeanza lini, kinauma, kina ganzi, halafu nikamwambia ajiandae, nakuja. Wiki hiyohiyo alichukuliwa kinyama. Siku saba za kusubiri majibu zilinichosha kuliko wiki zangu za mionzi. Yalipokuja yalisema ni madhara ya jua kwenye mdomo, seli zimebadilika lakini hazijapenya. Daktari akamwandikia fluorourasili, akamweleza mdomo utakavyochubuka na asiogope.

Alipotoka chumbani akiwa na krimu mkononi, nilimwuliza lini anarudi kuangaliwa. Akafungua kadi akanionyesha. Tarehe ilikuwa imeshaandikwa.